Wote Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha idara. Mkuu wa kitivo aliingia, hakuketi. Dalili mbaya. Akiketi ni porojo, akisimama kuna mtu ataumia.

Akasema amechoka. Wanafunzi wetu wanamaliza somo la uhandisi wa programu wakijua kuchora mishale na visanduku, lakini ukiwaambia watengeneze mfumo ambao mtu atautumia, wanaangalia mlango. Kuanzia leo ni vitendo. Mteja wa kweli, kazi ya kweli. Darasa litagawanywa: nusu kwangu, nusu kwa Kiwiko. Jumatano ya wiki ijayo ni maonyesho mbele ya kitivo kizima. Atakayeng'ara ndiye atakuwa msimamizi wa maabara mpya.

Maabara mpya! Ghorofa ya juu, madirisha pande mbili, viti vya kuzunguka. Ofisi yangu mimi imepakana na choo cha wanaume. Mtu akiumwa tumbo najua kabla ya mkewe.

Kiwiko ni mhadhiri mwenzangu. Namwita hivyo kwa sababu hukunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, jua au baridi, kama mtu anayengoja kuitwa kuzalisha ng'ombe. Ametoka kwenye makampuni. Anaandika programu huku anaongea na wewe. Adabu hana.

Nikawahi kusimama. Nikasema mimi vitendo nimevihubiri miaka yote. Kiwiko akakohoa. Kisha akasema ana mteja tayari, maktaba ya chuo. Nikasema na mimi ninaye, kituo kikubwa cha afya.

Sina. Lakini walau nimeoa daktari wa meno.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwandalia mke wangu chai. Akauliza nimevunja nini.

Nikamweleza. Kliniki yake, mfumo wa kisasa wa kupanga miadi, wanafunzi wangu, bure kabisa. Akanywa chai yote kwanza. Mimi nikawa nazunguka meza. Akaniambia niketi, namtia kizunguzungu.

Hatimaye akakubali, kwa masharti. Kwanza, wanafunzi waje wenyewe kliniki, wakae, waone kazi inavyokwenda kabla hawajagusa kompyuta. Pili, mgonjwa hata mmoja asiguswe na huo mfumo mpaka yeye mwenyewe aseme sawa.

Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Masharti mazuri sana. Ya kitaalamu.

La kwanza halitawezekana, bila shaka. Wakienda kule atawasimulia habari ya printa yake niliyoitengeneza. Mwalimu lazima abaki na heshima.

Jumatano, 5 Machi

Darasa. Nimewatangazia mradi kwa sauti nzito. Nikapumzika ili wapige makofi. Hawakupiga.

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. Huyu nimempa jina la Bi Swali. Kila darasa lina mmoja. Wa kwangu anahesabika kama watano. Akauliza ni lini watakwenda kumwona mteja.

Nikamwambia mteja ni mimi.

Akauliza, mwalimu, wewe ni daktari wa meno? Nikamjibu kwamba hiyo kliniki naijua kama kiganja changu. Ulizeni mnachotaka.

Wakauliza kweli. Kliniki inafunguliwa saa ngapi? Saa mbili asubuhi. Viti vya wagonjwa viko vingapi? Nikafumba macho, nikakiona chumba kile, nikahesabu: kumi na ushee. Ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa useme nini? Nikauandika mwenyewe ubaoni, kwa mwandiko mzuri: “Mpendwa mgonjwa, kesho saa mbili asubuhi utang'olewa jino. Karibu sana.” Bi Swali akataka kujua na wale wanaokuja kusafishwa tu watatumiwa upi. Nikamwambia jino ni jino.

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sipendi watu wanaoandika bila kutikisa kichwa.

Wanafunzi wa Kiwiko wameshinda maktaba siku nzima. Wamekaa na wakutubi, wanatazama watu wakiazima vitabu. Kutazama! Hiyo ndiyo kazi? Wamerudi wanacheka koridoni. Sijaweza kusahihisha hata karatasi moja. Nimenoa penseli zote za ofisini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kupeleleza.

Mpango ulikuwa safi. Nipite mbele ya darasa la Kiwiko nikijifanya nakagua kitasa cha mlango. Nikakagua. Nikakagua tena. Mlango ukafunguka, nikaingia nikiwa na kitasa mkononi, kimeng'oka.

Kiwiko akafurahi! Hilo ndilo linaloniudhi kwa huyu mtu, haoni kwamba unamchimba. Akawatangazia wanafunzi kwamba leo wamepata mgeni mwenye uzoefu. Walikuwa wanafanya kazi wawili wawili kwenye kompyuta moja, mmoja anaandika, mwenzake anatazama na kumkosoa, kisha wanabadilishana. Akaniketisha na kijana mmoja mpole.

Nikasema mimi nitatazama. Nikatazama vizuri sana. Nikasema “aha” mara kadhaa.

Halafu Kiwiko akapiga makofi, badilishaneni. Nikaandika mstari. Skrini ikawa nyekundu. Nikaandika mwingine ili kuurekebisha wa kwanza. Ikawa nyekundu zaidi, kitu ambacho sikujua kinawezekana.

Darasa zima likanigeukia. Nikavuta pumzi, nikasema kosa hilo nimeliweka makusudi kwa ajili ya kufundishia. Nani ataligundua?

Yule kijana akaligundua. Nilisahau mabano. Wakanipigia makofi, na Kiwiko akasema mbinu nzuri mno, ataiga. Sikujua nifurahi au nizame chini ya meza. Nimeondoka kwa haraka na kile kitasa nimekibeba mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mfumo umekamilika! Sikutarajia. Hawa watoto wana akili, hata kama wananiuliza maswali.

Ila umepooza. Wagonjwa wake ni wa kubuni: Mgonjwa Alfa, Mgonjwa Beta. Mkuu wa kitivo atasisimkwa na Mgonjwa Beta? Kiwiko ana vitabu halisi na wasomaji halisi. Nataka majina. Nataka namba za simu. Nataka uhai.

Mchana nikaenda kliniki. Mke wangu alikuwa ndani na mgonjwa, mashine inalia. Dada wa mapokezi yuko kwenye simu, kama kawaida yake, sikio moja kwa mgonjwa, sikio jingine kwangu. Nikamwambia kwa ishara kwamba nakuja kuangalia virusi kwenye kompyuta. Akafunika simu kwa kiganja, akaniambia mara ya mwisho nilipoangalia virusi, printa ilianza kutoa kurasa nyeupe na mpaka leo haijaacha.

Nikacheka kicheko cha mtu mzima. Nikanakili orodha nzima ya wagonjwa kwenye flashi.

Nimetoka kama nimeiba. Sijaiba. Ni mali ya familia.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kula. Meno yake ya bandia yametengenezwa na binti yake, na hupenda kuyaonyesha kwa kutafuna vitu vigumu huku akinitazama mimi.

Mke wangu akauliza mbona wanafunzi hawajatokea kliniki. Nikasema wako kwenye hatua ya tafakuri. Mama mkwe akauliza tafakuri ndiyo nini. Mke wangu akamjibu kwamba ni kile ninachofanya vyombo vikiwa havijaoshwa.

Nikaosha vyombo. Flashi ilikuwa mfukoni, naigusa kila baada ya sahani. Sikutulia kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ndiyo leo.

Nimewaingizia wanafunzi orodha ya kweli. Bi Swali akaitazama skrini, akanitazama mimi. Akauliza kama mteja ameruhusu. Nikamkumbusha mteja ni nani. Akasema basi angalau watengeneze nakala, na waufanyie mfumo majaribio kwanza kwa namba zao wenyewe, waone ujumbe unafika vipi, kwa nani na siku gani. Itachukua siku moja tu.

Siku moja! Maonyesho ni keshokutwa! Nikamwambia majaribio ni ya watu wasiojiamini.

Akasema, kwa adabu, lakini kwa uso mkavu, kwamba yeye hajiamini na angependa majaribio. Wenzake wakaitikia. Uasi! Nikawapa mapumziko ya chai. Wakatoka.

Nikabaki na kompyuta. Kulikuwa na kitufe kimoja cha buluu: TUMA. Nilitaka kuona tu kitakavyoonekana mbele ya mkuu wa kitivo. Nikakibonyeza kwa kidole kidogo, taratibu, kama mtu anayepima uji.

Skrini ikawa kijani. “Imefanikiwa.”

Kijani! Tangu Alhamisi nilikuwa naota nyekundu. Nikawaita wote, nikawaonyesha. Bi Swali akashika kichwa. Nikadhani ni furaha. Akasema mwalimu, imekwenda kweli. Nikasema ndiyo, imekwenda vizuri sana. Akasema hapana, imekwenda kwa watu.

Nikafunga kompyuta. Ikifungwa, nadhani inasimama.

Jioni. Haikusimama. Tuko mezani, simu ya mke wangu ikaita. Mama yake. Sauti ilisikika mpaka kwangu. Anauliza atang'olewa jino lipi, maana yeye hana hata moja.

Mke wangu akanigeukia pole pole. Mimi nikaingiwa na hamu kubwa ya kuchunguza dari. Nikasema labda ni mambo ya mtandao. Simu ikaita tena. Ikaita tena. Akaizima, ya kwangu ikaanza.

Nimekiri kiasi. Nimesema kuna hitilafu ndogo. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Akasema tu kwamba wapo wagonjwa aliowabembeleza miezi mizima waondoe woga wa kiti kile, na wapo ambao hawatarudi tena. Akainuka na sahani yake, akaenda kulia chakula jikoni akiwa amesimama.

Jumanne, 11 Machi

Nimeumbuka. Naandika hivyo hivyo.

Saa mbili kasorobo kliniki ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Wote wameambiwa saa mbili. Mwanamume mmoja amekuja na begi la nguo na mkewe analia. Mtoto mmoja amejificha chini ya meza ya mapokezi, ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili, na mama yake amemshika yeye mguu. Mama mmoja amekasirika kwa sababu alikuja wiki jana akaambiwa meno yake ni mazuri kuliko ya watu wengi. Anataka kujua limeoza lini.

Dada wa mapokezi akaniona. Akasema kwa sauti ya kutosha: “Huyo hapo. Muulizeni yeye.”

Nikatafuta mlango wa nyuma. Kliniki haina mlango wa nyuma. Nilisema naijua kama kiganja changu, na hilo sikulijua.

Ndipo Bi Swali akaingia na kundi lake zima. Shangazi yake ni mgonjwa wa hapa. Ujumbe ulimfikia, akamwonyesha mpwa wake, mpwa akausoma na kuyatambua maneno yangu. Hawakunilaumu. Hawakuniangalia hata. Bi Swali alisimama katikati ya chumba, akatazama, akahesabu viti vya kungojea kwa kidole. Kumi na ushee. Kisha akachungulia chumba cha ndani, akaona kiti kimoja kilicholazwa, na taa juu yake.

“Mwalimu,” akasema, “nilipouliza viti vya wagonjwa, nilikuwa nauliza hiki.”

Mfumo ulidhani kliniki inahudumia kumi kwa mpigo, kwa sababu mimi nilihesabu vile vya kukalia; na saa mbili ya wote niliiandika mwenyewe ubaoni.

Akamwendea mke wangu, akamwamkia kwa heshima, akajitambulisha, akamwomba radhi kwa niaba ya darasa. Halafu akauliza alichotaka kuuliza tangu Jumatano: “Daktari, ukipata watu wote hawa, unaanza na nani?”

Mke wangu akasema: “Mwenye uvimbe. Kisha mwenye maumivu. Kisha watoto, maana wakisubiri wanatiana hofu. Wengine wanaweza kurudi nyumbani.”

Nimekaa na mwanamke huyu miaka yote hii, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Ni kweli pia sijawahi kumuuliza.

Wanafunzi wakagawana chumba. Kila mmoja na watu wake, anainama, anauliza pole pole. Unaumwa? Wapi? Tangu lini? Waliokuwa wazima wakaombwa radhi, wakaondoka wananung'unika lakini wanacheka. Mwenye begi alipoambiwa hang'olewi kitu, alimkumbatia mkewe, akamkumbatia mwanafunzi, akataka kunikumbatia na mimi, akakumbuka.

Kwenye kona kulikuwa na mzee mmoja kajifunga shuka kichwani. Bi Swali akamwomba aifungue. Taya limevimba, jicho upande huo limeanza kufumba. Mke wangu alipomwona alimshika mkono, akamwingiza moja kwa moja. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameloa jasho. Akasema usaha ulikuwa unashuka shingoni. Angengoja wiki hii iishe, angehitaji kulazwa, na hata hapo Mungu ndiye ajuaye.

Mzee mwenyewe, mdomo umejaa pamba, akaeleza kwamba alikuwa anaogopa. Jino amelivumilia tangu mwaka jana. Ila alipopata ujumbe kwamba kesho utang'olewa, alijisemea basi, wameshajua, hakuna pa kukimbilia.

Mke wangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Ningekuwa na busara ningebaki kimya.

Nikasema: “Unaona?”

Nimepewa kazi ya kubeba maji ya kusukutulia. Nimebeba mpaka mchana. Wanafunzi walipomaliza na watu, walikaa kwenye benchi kliniki humo humo na kompyuta zao mapajani, wakaanza kuuandika mfumo upya, wakimwuliza mke wangu kila alipotoka kupumua. Kiwiko akatokea pia. Nani kamwita? Akakunja mikono zaidi ya ilivyokunjwa, akajibana kwenye benchi kati yao, akawa anasoma kazi yao na kuwaonyesha penye kasoro. Hakuguna, hakunicheka. Akanipokea bilauri ya maji, akasema ahsante kaka.

Kaka!

Jumatano, 12 Machi

Maonyesho.

Kiwiko alitangulia. Mfumo wa maktaba. Unaazima kitabu, unakirudisha. Ulifanya kazi. Basi. Nilipiga miayo kidogo ili waliokaa karibu wanione.

Halafu sisi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini wanafunzi walimchagua Bi Swali. Akasimama akasema yote! Kwamba tulitengeneza mfumo bila kumwona mtumiaji. Kwamba haukujaribiwa. Kwamba ulituma watu wazima na watoto kwenda kung'olewa meno mazima. Alisema “sisi”, kila mahali “sisi”, hakunitaja. Kisha akaonyesha mfumo mpya. Kiti kimoja. Mwenye maumivu anatangulia. Ujumbe unasema unakuja kufanyiwa nini hasa, na hauondoki mpaka daktari akubali.

Kisha makofi, na mkuu wa kitivo akasimama. Akasema hilo ndilo alilokuwa analiota. Hakuna kitabu kingewafundisha kile.

Nikaona nafasi yangu. Nikasimama pia. Nikatangaza kwamba kosa lile lilipangwa na mimi tangu mwanzo, makusudi, kwa ajili ya kufundishia.

Mkono ukanyooshwa nyuma ya ukumbi. Mke wangu. Bi Swali alimwalika, eti ndiye mteja. Akasema ana swali moja tu. Akauliza ni nani aliyebonyeza kitufe, wakati ule wanafunzi walipokuwa wamepelekwa chai.

Kicheko kilianza safu ya nyuma kikaja mbele kama maji. Mkuu wa kitivo alivua miwani akapangusa macho.

Maabara amepewa Kiwiko. Bi Swali atakuwa msaidizi wake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kila mlango niliopita ulikuwa na kitasa.

Ijumaa, 14 Machi

Habari njema! Nimepandishwa cheo, au kitu kinachofanana nacho.

Kiwiko alinijia ofisini. Akasema wanafunzi wanahitaji kujifunza kumhoji mteja mgumu: asiyejua anachotaka, anayebadilisha mawazo, anayejibu kabla ya kuulizwa. Akasema ametafuta mtu wa kuigiza nafasi hiyo na hajaona kama mimi. Nilijizuia nisionyeshe kuguswa. Hatimaye kipaji kimeonekana.

Leo ilikuwa mara ya kwanza. Nimekaa juu kule kwenye maabara, kwenye kiti cha kuzunguka, madirisha pande mbili. Nimeigiza mwenye shule ya udereva. Wakanizunguka kwa maswali, Bi Swali akiongoza. Wanafunzi wako wanajifunza saa ngapi? Magari mangapi? Mwalimu akiugua? Nikajibu bila kusita, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyozidi kupata akili. Shule ya udereva ni kitu cha ajabu! Hakuna aliyewahi kuifikiria sawasawa. Nikawa nazunguka na kiti. Walipomaliza sikutaka kuteremka.

Na hapo ndipo nilipokumbuka: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana shule ya udereva ya kweli.

Mke wangu ameanza kuniongelesha. Chakula cha jioni tumekula wote mezani. Ameniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna kitu nimejifunza katika haya yote. Nimemwambia mengi mno, na nilikuwa namaanisha. Kosa lilikuwa moja tu: wanafunzi. Wanafunzi wengi, maswali mengi, jambo dogo likakuzwa. Safari hii nitaandika mfumo peke yangu.

Shemeji anasafiri kesho asubuhi, na ufunguo wa ofisi yake tunao sisi. Kazi yake naijua vizuri. Aliwahi kunipa lifti. Mfumo utawapangia madereva wanaojifunza gari, mwalimu na barabara, na kuwaita wote kwa mara moja, wiki nzima ijayo, kila mtu kwa simu yake.

Nilitaka kumpigia kumuuliza mambo mawili matatu, nikaona nitamharibia safari. Acha afurahie mshangao akirudi.